Siku Ugali Uliposhtakiwa

Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwa tayari nina mume, naye alikuwa amepita miaka sabini na alikuwa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Mume huyo ni babu yangu, baba yake baba. Kwetu babu na mjukuu ni watani. Babu humwita mjukuu wa kike mke wangu, na mjukuu humdai nguo, humsema vibaya mbele za watu na kumtishia kwamba atarudi kwao. Babu yangu aliuchukulia utani huu kwa uzito wa dini. Nikifika Nkololo kutoka shuleni Bariadi mjini, nikapiga goti na kusema, "Mwangaluka, guku," yaani umeamkaje, babu, haitikii. Anaangalia ng'ombe. Mpaka niseme, "Mwangaluka, mume wangu," ndipo anaitikia kwa sauti ya kusikika kijiji kizima, "Mwangaluka, mke wangu! Mhola?" Namjibu mhola, yaani ni salama, kisha analalamika kwamba nimekonda na nitamwaibisha kwa majirani.

Likizo ile hapakuwa salama. Mwiba ulikuwa umemchoma wakati wa palizi ya pamba, na mpaka pamba inaanza kupasuka kidonda hakijapona. Kilikuwa kimeanza kunuka. Nyuma ya zizi, mahali alipozoea kukojoa, sisimizi walikuwa wamepanga msafara. Tabibu wa zahanati alikiangalia kidole, akasikia habari ya sisimizi, akamwambia baba yangu kwamba mzee huenda ana sukari, apelekwe hospitali Bariadi haraka, asije akapoteza mguu. Ujumbe ulikuwa mzito, na ulipewa mtu asiyefaa kuubeba. Baba yangu hajawahi kumpinga baba yake hata kuhusu mvua. Mzee akisema leo itanyesha, baba anaanua maharage, jua likiwaka.

Alipoufikisha huo ujumbe, akiwa amechuchumaa na macho yako chini, babu hakuuliza habari ya mguu. Aliuliza, "Kwa hiyo wanasema nimekula sukari?"

Hapo ndipo ilipokwama. Mtu asiyewajua wafugaji wa kwetu ataona ni ujinga, nami siku ile niliona hivyo hivyo, lakini ilikuwa na mantiki yake. Nyumbani kwa babu hapakuwa na sukari. Wajukuu walikunywa uji mkavu, na yeye chai alikunywa kwa chumvi akisema hiyo nyingine ni ya wagonjwa na makarani. Chakula chake kilikuwa ugali na maziwa mgando. Sasa kama sukari imeonekana mwilini mwake, na nyumbani haipo, maana yake ni kwamba anailia mahali fulani kwa kujificha, peke yake, huku watoto wanahangaika na uji mkavu. Kwa babu, hiyo haikuwa habari ya ugonjwa. Ilikuwa shutuma ya uchoyo. Akatangaza kwamba hataenda hospitali yoyote kwenda kukiri kosa ambalo hakulitenda.

"Na mguu?" nikamuuliza.

"Mguu ni wangu, mke wangu. Jina ni la ukoo."

Nilikasirika mpaka nikatoka nje. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na ujinga wa mtu ninayempenda ndio unaonikera kuliko ujinga wowote. Nikarudi Bariadi na hasira zangu, na kwa bahati wiki ile ile mwalimu wetu wa biolojia akatuambia tulete vyakula kutoka nyumbani, tuone vimetengenezwa kwa nini.

Mimi nilipeleka michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Mwenzangu mmoja alileta maziwa, mwingine karanga. Tulidondosha iodini juu ya mchembe ukawa mweusi tii, na mwalimu akasema huo ndio wanga. Maziwa tuliyatia dawa nyingine yakageuka zambarau: protini. Karanga tulizisugua kwenye karatasi zikaacha doa linalopitisha mwanga: mafuta. Halafu akaleta maji ya bluu yenye shaba ndani yake, akatia matone ya maji ya glukosi, akachemsha. Bluu ikawa kijani, kijani ikawa njano, njano ikawa rangi ya tofali la kuchoma. Sukari, akasema. Kisha akatueleza jambo ambalo wenzangu waliliandika daftarini na mimi likanisimamisha. Wanga, alisema, ni sukari tupu iliyotungwa mfano wa shanga kwenye uzi mrefu. Ulimi hauonji utamu kwa sababu shanga zimeshikana. Mate ndiyo yanayoanza kukata uzi, na tumbo linamalizia.

Yaani ugali ni sukari. Babu yangu alikuwa amekula sukari mara mbili kwa siku kwa miaka sabini, mbele za watu wote.

Nilimwomba mwalimu maji ya bluu kidogo na mirija minne ya kioo, nikasema nakwenda kupima michembe ya bibi. Nilidanganya, bibi alishafariki. Mwalimu akanimiminia chupa ndogo na kunionya, "Upime chakula. Usiende kupima watu." Nikasema ndiyo, mwalimu.

Jumamosi nilipofika Nkololo nilikuta babu hajangoja kusafishwa na mtu. Alikuwa ameita wazee asubuhi ile ile wasikilize kesi ya jina lake. Walikuwa wamekaa karibu na zizi kwenye vigoda, kama wazee saba, wakiongozwa na jirani yake wa miaka yote, mzee mmoja mrefu mwenye kupenda kesi kuliko chakula. Na shahidi wa kwanza alikuwa ameshafika: mwenye duka wa pale senta, mtu wa Kondoa aliyehamia zamani, amevaa kanzu safi kwa heshima ya mahakama. Akaulizwa kama amewahi kumuuzia mzee huyu sukari.

"Wallahi, sijawahi," akasema. "Chumvi, tumbaku, betri za tochi. Na pipi moja, mwaka juzi."

"Pipi?" akauliza mzee jirani.

"Ilikuwa chenji," akasema mwenye duka. "Sikuwa na sarafu."

Babu akaapa kwamba pipi ile alimpa ndama. Wazee wakashauriana kwa muda kuhusu pipi ile, na mimi nikaona kesi inakwenda kuzama. Nikapiga goti nikasema nimekuja na kipimo kutoka shuleni, kinachoonyesha sukari ilipo na isipokuwepo. Babu akafurahi sana. Mtu asiye na hatia haogopi kipimo. Akachukua chupa tupu akaenda nyuma ya zizi, akarudi nayo ina vuguvugu. Ila kabla hajanipa akataka apimwe pamoja na shahidi wa upande wake: ng'ombe. Ng'ombe, alisema, anakula majani tangu azaliwe, sukari haijui. Wawekwe pamoja, ionekane kama kuna tofauti. Basi mzee mmoja akasimama na kikopo nyuma ya ng'ombe mwekundu kwa karibu nusu saa, mahakama yote ikingoja kwa heshima, mpaka yule mnyama alipoamua.

Niliweka sufuria ya maji kwenye mafiga, nikatumbukiza mirija miwili, kila mmoja una mkojo na maji ya bluu. Wa ng'ombe ulibaki bluu, labda na ukijani wa mkojo wenyewe. Wa babu ulikwenda kijani, njano, rangi ya chungwa, ukaishia tofali, haraka na kwa uzuri kuliko ule wa mwalimu. Na mimi nikapiga makofi. Naandika hili kwa sababu bado linaniuma. Nilishangilia. Nilirukaruka kwamba kipimo changu kimekubali, halafu nikainua macho nikamwona baba yangu amesimama kwenye uzio, ameshika mti kwa mikono miwili, anauangalia ule mrija.

"Ng'ombe ni safi," akatangaza mzee jirani kwa masikitiko. "Mwenzetu ana sukari."

Babu alikaa chini. Sijawahi kumwona mdogo namna ile. Akasema polepole kwamba hajui ameila wapi, labda usingizini.

Nikasema, "Mmemshtaki asiyehusika. Mshtakiwa ni ugali."

Wakacheka, lakini kesi ni kesi, na ugali haukuwa na wakili, kwa hiyo mzee jirani akajitolea kuutetea. Alisimama akautetea vizuri. Ugali umelea ukoo huu, umelea na ukoo wake, haujawahi kuwa mtamu hata siku moja, na kama ungekuwa sukari watoto wasingelia wakipewa. Nikaomba niruhusiwe kujaribu. Nilikoroga tonge la ugali kwenye maji, nikagawa kwenye mirija miwili. Mmoja uachwe hivyo hivyo. Wa pili utiwe mate.

Hapo wote wakarudisha vigoda nyuma. Mate hayatolewi ovyo kwetu. Mate yako yakiwa kwenye chombo cha mtu mwingine, umempa kamba ya kukufungia. Nikasema basi nitatia yangu, mzee jirani akapinga: mke wa mshtakiwa wa kwanza hawezi kuwa shahidi. Tukakaa na ugali wetu. Mwishowe babu mwenyewe akapata njia. Mzee akitema mate kubariki, alisema, hayo hayamdhuru mtu, hayo hutolewa bure. Akanitemea kwanza kwenye paji la uso, kwa mdomo wa baraka kabisa, akitaja majina ya waliotangulia, kisha akaugeukia mrija akaubariki ugali mara nne. Mzee jirani akasimamia kuhakikisha hakuna tone lililodondoka nje.

Sasa ilitakiwa joto la mwili. Babu akauweka ule mrija kwapani, akakaa ameubana, na wazee wakamuuliza kila baada ya dakika mbili kama anasikia chochote. Alisema anasikia mwasho. Baada ya muda niliokadiria kwa kuangalia kivuli, nikatia maji ya bluu kwenye mirija yote miwili, nikachemsha. Ugali mtupu ulibaki bluu. Ugali uliobarikiwa uligeuka, polepole, ukawa wa rangi ya chungwa.

Nikaeleza shanga na uzi. Nikaeleza kwamba hata majani ni sukari hiyo hiyo, ila imefungwa kwa fundo jingine ambalo sisi hatuwezi kulifungua, na ng'ombe ana vijidudu tumboni vya kumfungulia. Nikasema mwili wa babu umeshindwa kuitumia sukari inayotoka kwenye ugali, ndiyo maana inamwagika, na ndiyo maana kidonda hakiponi. Nilisema vizuri, nadhani. Wazee walisikiliza wakitikisa vichwa, na mzee jirani akakaa chini akakiri kwamba mteja wake ana hatia.

Kisha wakatoa hukumu. Mwenzetu hajala sukari kwa siri. Ameila hadharani, nasi tukila pamoja naye. Jina lake ni safi.

Vigelegele vikapigwa. Babu akasimama kwa mguu mmoja akacheza. Alikuwa amefurahi zaidi kwa habari ya mate yake. Alizunguka akiwaambia watu kwamba mate yake yanageuza ugali kuwa asali, kwamba ndiyo maana wote aliowabariki wamepata watoto. Wakaamuru kupikwe chakula cha kusherehekea. Na kikapikwa nini? Ugali. Mlima wa ugali, na maziwa mgando, na babu akaketi katikati akamega tonge la kwanza kubwa kuliko ngumi yangu.

"Kwa hiyo tunaenda lini hospitali?" nikauliza.

"Hospitali ya nini?" akasema, mdomo umejaa. "Kesi si imekwisha?"

Nilimtazama baba. Aliangalia chini. Nikaangalia ule mguu uliofungwa kitambaa, nzi wanne juu yake, na watu saba wenye akili timamu wakishangilia mtu anayeoza. Mimi ndiye niliyewapa sababu. Nilihisi machozi na hasira vimekuja pamoja, na kilichonitoka mdomoni sikukipanga.

"Naomba talaka."

Wakacheka. Nikapiga goti mbele ya mzee jirani, nikasema kwa sauti ya kesi, "Mzee wangu, nimeolewa na mwanamume huyu tangu nizaliwe. Hajaninunulia kitenge hata kimoja. Sasa ananuka mguu, na akikojoa anaalika sisimizi. Nataka kurudi kwetu. Mnipe talaka, au mumtoze faini."

Babu akacheka mpaka akakohoa ugali. Ila yule mzee mpenda kesi alishaona kesi nyingine, na hakuwa na nia ya kuiacha ipite. Akauliza nataka faini gani. Nikasema nataka mume wangu anipeleke mjini, mimi na yeye, tukatembee, na mahali pa kutembea nichague mimi. Wazee wakashauriana, wakaona ni faini ndogo, hata ng'ombe hatoki, wakapitisha. Mzee jirani akaniuliza nimechagua wapi.

"Hospitali."

Kicheko kikakatika. Babu akasema, "Nani anamtembeza mke hospitali?"

"Mke kachagua," akasema mzee jirani.

"Ni utani tu huu."

"Ni utani," akakubali yule mzee. "Umekasirika?"

Kwetu mtani akikasirika ameshindwa, na babu yangu alikuwa ametania watu kwa miaka sabini: kwenye misiba, kwenye harusi, mbele ya wakwe. Alikuwa amewachukulia watu kuku wao na kofia zao kwa jina la utani, na hakuna aliyeruhusiwa kukunja uso. Wote pale walikuwa wanamdai kicheko. Akatutazama mmoja mmoja. Akanawa mikono.

"Sijakasirika," akasema. "Leteni pikipiki."

Tulipanda mshikaki, dereva mbele, babu katikati, mimi nyuma nimemshika. Tulipokaribia mjini akaniambia bila kugeuka kwamba bibi yangu naye aliingia hospitali kwa miguu yake na kurudi kwenye shuka, na kwamba anaogopa. Sikuwahi kumsikia akilitumia neno hilo kuhusu nafsi yake. Nikamwambia hata mimi naogopa.

Nesi alimtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye mashine, na mashine ikakataa kutoa namba. Ilionyesha tu kwamba imezidi kiwango inachoweza kuhesabu. Babu akauliza kama hiyo ni nzuri. Walimlaza. Baba akaja siku ya pili na maziwa, akaambiwa ayarudishe. Kidole gumba kilikatwa, mguu ukabaki. Daktari alituambia, kwa sauti ya mtu aliyeyasema hayo mara nyingi, kwamba tungengoja mpaka pamba ivunwe yote, angekata juu ya goti, kama angekuwa na mtu wa kumkata.

Mwezi uliofuata, siku mbili baada ya babu kurudi nyumbani na fimbo na ugali wake wa kupimiwa kwa kikombe, niliamka asubuhi nikakuta watu karibu na zizi. Nilidhani kuna msiba. Mbele alikuwa mzee jirani, wakili wa ugali, ameshika chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Nyuma yake wazee wengine watatu wenye chupa zao, kila mmoja ameificha kwenye mgolole akidhani mwenzake haoni. Mwenye duka alikuwepo, ya kwake ameifunga kwenye mfuko mweusi. Hakuna aliyekuwa anacheka.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia mzee jirani, yeye mimi, tena kwa heshima ya kuniita mama. "Na mimi usiku natoka mara nne."

Nikaenda kutazama chupa yangu ya maji ya bluu. Palikuwa pamebaki kidogo, kipimo cha mtu mmoja, nacho cha kubana. Nilipotoka kuwaambia, niliona kwamba mstari haukuishia kwa mwenye duka. Nyuma kabisa, hatua tano mbali na wengine, alikuwa amesimama baba yangu, uso ameuelekeza kwenye uzio, na mkononi ana kile kikopo tulichompimia ng'ombe. Nikakumbuka maziwa ya mgando anayokunywa usiku kwa kiu. Sikuwahi kufikiri kwamba huenda na yeye.

Nikasema kimebaki cha mtu mmoja. Wazee wakaangaliana, na nikajua itaanza kesi ya nani mkubwa. Babu akatoka ndani akichechemea kwa fimbo yake, akautazama mstari wote mpaka mwisho, macho yake yakatua kwa mwanawe kana kwamba hajawahi kumwona.

"Nyinyi mna miguu miwili," akawaambia wenzake. "Bariadi mnaijua. Kesho nitawapeleka mwenyewe, nawaonyesha mlango." Kisha akanyoosha fimbo. "Mpimie yule."

Baba akaja na kikopo chake bila kuniangalia. Niliwasha moto, nikamimina, nikatumbukiza mrija kwenye sufuria. Maji yakaanza kuchemka. Mrija ulikuwa bluu. Nikahesabu mpaka sitini, bluu. Nikahesabu tena. Mwalimu alisema dakika tano zinatosha. Nadhani nilikaa zaidi ya ishirini nimeinama pale, moshi machoni, nikiongeza kuni, nikiukazia macho usije ukageuka nikiwa nimepepesa. Ulikuwa bado bluu babu aliponishika bega.

"Mke wangu, zima moto," akasema. "Maji yamekauka."